Kilichopita Kichujioni

Aprili. Barafu ya Ghuba ya Bothnia imeanza kulegea,
inaguna kama mtu mzima anayeota.
Nimesimama mdomoni mwa Mustojoki, buti hadi mapajani,
chupa kumi na mbili sandukuni, penseli katikati ya meno
kwa kuwa wino hugoma kwenye baridi hii.
Maji yanashuka na rangi yake.
Si tope. Tope ningelijua, tope hutulia ukilipa muda.
Hii ni chai ya rangi iliyosahaulika jikoni
tangu siku walipohama wenye nyumba.

Nachuja. Ndiyo kazi yangu.
Karatasi nyeupe ya duara, ndogo kuliko kiganja,
yenye matundu ambayo jicho halina habari nayo.
Mchanga unabaki. Mbawa za wadudu zinabaki.
Kahawia inapita,
inapita kama mtoto wa jirani, bila hodi.
Nasi watu wa maabara, kwa kukosa jina bora,
kila tulichoshindwa kukizuia
tunakiita kilichoyeyuka.

Babu Vilho alirudi vitani na vidole saba.
Serikali ikampa sepetu na kinamasi,
ikamlipa kwa mita.
Miaka kumi na tisa alichimba mifereji
iliyonyooka kama mistari ya daftari,
maji yaondoke, misonobari iote, watoto wale.
Tulikula. Siwezi kudanganya mbele ya maji: tulikula.
Mkate wa shayiri, siagi, viatu vipya kila vuli.
Hakuna aliyeuliza maji yameondoka na nini.

Yameondoka na haya.
Majani yaliyoanguka kabla ya kijiji kuwa na jina,
yakalala chini miaka elfu sita bila kuoza,
hata likaja sepetu la mtu mwenye njaa
likayaamsha.

Hapa yanakutana na chumvi. Chumvi haba,
bahari yetu haijakolea, ni supu ya mgonjwa.
Mengine hushikana, hufanya vijiwingu, huzama.
Mengine bakteria huyala, kisha huyapumua angani.
Yaliyobaki husonga mbele
yakiinywa nuru njia nzima.
Mwani wa chini unangoja jua lisilofika.

Hilkka Nyyssölä, mvuvi wa visiwa vya nje, anasema:
"Nikiwa mdogo niliiona nanga yangu, mita nne chini.
Leo nikizamisha mkono, nauaga kwenye kiwiko."
Anasema bila lawama,
akinifungia samaki wawili kwenye gazeti.
Anajua mimi ni mjukuu wa nani.

Usiku, maabara. Nazima taa zote,
nawasha ile ya urujuanimno,
na maji yale meusi
yanawaka buluu.
Sijazoea. Miaka minane, sijazoea.
Raafael anasoma kilima kwenye skrini:
"Mboji ya kale. Ya juu huko, Isosuo?"
"Isosuo," najibu.
Simwambii: mfereji wa kumi na nne,
pale pete ya ndoa ilipochomoka kidoleni mwa Babu
na Bibi akanuna hadi Krismasi.
Dhahabu haiyeyuki. Ingali huko.

Mwaka huu binamu yangu anaiziba mifereji ileile,
kwa magogo na mboji, akitumia katapila ya kukodi.
Serikali inamlipa kwa mita.
Maji yanasitasita kwenye ziba la kwanza,
yanapanda pembeni, yanarudi kwenye majani,
lakini mtoni rangi ni ileile.
Subirini, wanasema wataalamu. Miongo.
Mtaalamu mmojawapo ni mimi.

Kesho nashuka tena na chupa.
Utaratibu ni huu, nao haubadiliki:
chupa safi haijazwi hivihivi.
Huoshwa kwanza, mara tatu,
kwa maji yaleyale
yatakayoijaza.